Haraka na Ngoja: Safari ya Sheria za Zabuni Tanzania

Jumatano ya tarehe 6 Februari 2008, Dk. Harrison Mwakyembe, Mbunge wa Kyela, alisimama katika ukumbi wa Bunge mjini Dodoma kusoma ripoti ya Kamati Teule aliyoiongoza. Kamati ilikuwa na wajumbe watano, na kazi waliyopewa ilikuwa moja: kuchunguza jinsi mkataba wa umeme wa dharura kati ya shirika la umeme la taifa, TANESCO, na kampuni ya Richmond Development ulivyopatikana. Alisoma kwa muda mrefu, ukurasa baada ya ukurasa, na nchi nzima ikamfuatilia.

Kesho yake Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alizungumza bungeni. Alilalamika kwamba Kamati ilimtuhumu bila kumpa nafasi ya kujieleza, kisha akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha nao waliachia nafasi zao. Rais Jakaya Kikwete alilivunja Baraza la Mawaziri, na Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu mpya. Lowassa hakuwahi kushitakiwa mahakamani kwa jambo hilo, na hadi alipofariki Februari 2024 hakukubali kwamba alitenda kosa.

Tukiikumbuka siku ile, wengi wetu tunakumbuka majina ya wakubwa walioanguka. Mimi naomba tukumbuke pia kitu kisicho na sura wala sauti: Sheria ya Ununuzi wa Umma, Namba 21 ya mwaka 2004. Ilikuwa changa, imeandikwa kwa uangalifu, ina mamlaka ya kuisimamia na kanuni za kuitekeleza. Ripoti ile, ukiisoma bila kutafuta majina, ni simulizi ya sheria iliyorukwa kwa sababu watu walikuwa na haraka.

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Historia ya zabuni za serikali nchini mwetu, tangu uhuru hadi leo, ni historia ya methali hizi mbili zikigombea kalamu ya mtunga sheria. Kila tulipoumizwa na haraka, tuliandika sheria ya kutupunguza mwendo. Kila tulipochoshwa na kungoja, tuliirekebisha ili twende mbio. Na fedha zinazozungumzwa si ndogo: viongozi wa serikali wamesema mara nyingi kwamba takriban asilimia 70 ya bajeti hupitia katika ununuzi. Dawa za zahanati, lami ya barabara, madawati, mafuta ya gari la wagonjwa, vyote hupita mlango huo.

Bohari na mawakala wa London

Chini ya utawala wa Waingereza, Tanganyika haikuwa na sauti kubwa katika kujinunulia vitu. Makoloni yalinunua bidhaa muhimu kupitia taasisi moja ya London iliyoitwa Crown Agents. Vifaa vya reli, mitambo, karatasi za ofisi, hata stempu za barua viliagizwa huko, vikafungashwa huko, vikaletwa kwa meli. Mnunuzi, muuzaji na mkaguzi wote walikuwa upande mmoja wa bahari, na mlipa kodi alikuwa upande wa pili.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, fedha za umma ziliwekwa chini ya Sheria ya Hazina na Ukaguzi, Sura ya 439. Hiyo ilikuwa sheria ya fedha kwa jumla. Ununuzi ulijificha ndani yake kama mpangaji katika nyumba ya mtu. Taratibu zenyewe zilikuwa katika kanuni za fedha, kanuni za bohari na nyaraka zilizotoka Hazina. Kulikuwa na Bodi Kuu ya Zabuni kwa ununuzi mkubwa, na bohari za serikali kwa vitu vya kila siku.

Azimio la Arusha la 1967 lilibadilisha uchumi, na ununuzi ukabadilika nao. Mwaka huohuo lilianzishwa Shirika la Biashara la Taifa, STC, kushika biashara ya jumla na ya kuagiza kutoka nje. Mwaka 1973 lilivunjwa na kazi zake zikagawiwa kampuni za biashara za mikoa, zile RTC ambazo wazee wanazikumbuka kwa foleni zake. Mashirika ya umma yaliongezeka, na kila shirika likawa na taratibu zake. Serikali ilikuwa mnunuzi, na mara nyingi serikali hiyohiyo ilikuwa muuzaji. Katika hali hiyo swali la ushindani wa bei halikupata mahali pa kukaa.

Mambo yalianza kugeuka katikati ya miaka ya 1980. Biashara ilifunguliwa, wakandarasi binafsi wakaongezeka, na wafadhili walileta fedha zao pamoja na masharti yao ya kununulia. Ofisa mmoja wa wizara aliweza kununua gari asubuhi kwa kanuni za Benki ya Dunia na kununua jingine jioni kwa waraka wa Hazina. Sheria moja ya nchi, inayosema kwa sauti moja jinsi fedha ya Mtanzania inavyotoka mfukoni, haikuwepo.

Ukame wa kwanza

Pengo hilo lilitugharimu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo umeme wa Tanzania ulitegemea maji kwa sehemu kubwa sana. Mvua zilipogoma, mabwawa yalishuka na mgawo wa umeme ukaingia mijini. Viwanda vilisimama kwa saa nyingi na serikali ikatafuta tiba ya haraka.

Tiba iliyopatikana ilikuwa IPTL, kampuni ya ubia kati ya Mechmar ya Malaysia na VIP Engineering ya hapa nchini. Mei 1995 TANESCO ilisaini nayo mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme kutoka mtambo wa megawati 100 uliokusudiwa kujengwa Tegeta, Dar es Salaam. Hapakuwa na ushindani wa wazi wa zabuni. Hoja iliyotolewa ilikuwa dharura: nchi iko gizani, hatuna muda wa kuita wazabuni na kufungua bahasha.

Kilichofuata ni somo ambalo kila mtumishi wa ununuzi anapaswa kulijua kwa moyo. TANESCO ilikuja kugundua kwamba mashine zilizoletwa si za aina iliyoandikwa katika mkataba: mkataba ulitaja injini za mwendo wa polepole, zikaja za mwendo wa kati, ambazo ni nafuu zaidi, huku bei ikibaki ileile. Mgogoro ukapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa la ICSID, nalo likaamua gharama zipunguzwe. Mtambo ulianza kuuza umeme Januari 2002. Dharura ya mwaka 1995 ilijibiwa baada ya takriban miaka saba.

Na hata hapo deni halikuisha. TANESCO ililazimika kulipia uwezo wa mtambo, uwake au usiwake. Ugomvi juu ya malipo hayo ndio uliozaa akaunti maalumu ya Escrow katika Benki Kuu, na mwaka 2014 kutolewa kwa fedha za akaunti hiyo kukalitikisa Bunge tena: Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu Desemba, na Waziri wa Nishati, Profesa Sospeter Muhongo, akafuata Januari 2015. Mkataba mmoja uliosainiwa kwa pupa ulikaa mezani mwa taifa kwa miaka ishirini.

Kutoka Warioba hadi sheria ya kwanza

Rais Benjamin Mkapa alipoingia madarakani mwishoni mwa 1995, moja ya hatua zake za mwanzo ilikuwa kuunda Tume ya Rais ya kuchunguza kero ya rushwa, chini ya Jaji Joseph Warioba. Ripoti yake ilikamilika mwishoni mwa 1996, na kati ya maeneo yaliyotajwa kuoza lilikuwemo hili la zabuni na mikataba ya ujenzi. Kile ambacho wananchi walikuwa wakinong'ona mabarazani, kwamba bei ya barabara ina barabara na ina mgao wa mtu, kikawa kimeandikwa katika ripoti ya serikali.

Miaka mitano baadaye ikapatikana Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 3 ya mwaka 2001. Kwa mara ya kwanza ununuzi ulitoka katika nyumba ya kupanga ukajenga kwake. Sheria ilitaka ushindani uwe ndio kawaida, na njia nyingine ziwe za kipekee, zenye sababu iliyoandikwa.

Kosa lake kubwa lilikuwa moja. Bodi Kuu ya Zabuni ilipewa kazi ya kuidhinisha zabuni kubwa na wakati huohuo kazi ya kusimamia utaratibu. Hiyo ni kesi ya ngedere kumpa nyani. Mtu anayeamua nani ashinde hawezi kuwa huyohuyo anayekagua kama ushindi ulikuwa halali.

Miaka hiyohiyo taifa lilikuwa likilumbana kuhusu rada. Serikali ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Hata ndani ya serikali ya Uingereza kulikuwa na waliopinga, akiwemo waziri wa misaada, Clare Short, aliyeona kwamba nchi maskini inauziwa kitu cha bei kubwa kuliko mahitaji yake. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu za malipo yake kwa mshauri wa biashara hapa Tanzania. Pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa Watanzania, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Watoto wetu walisomea vitabu vilivyonunuliwa kwa fedha ya rada. Lilikuwa jambo jema lililozaliwa na jambo baya, na halifai kuwa njia ya taifa kujipatia vitabu.

Sheria ya 2004 ilikuja kurekebisha kosa la 2001. Iliiondoa Bodi Kuu ya Zabuni. Ikaanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, isiyonunua chochote bali inayosimamia wanaonunua. Uamuzi wenyewe ukashushwa kwa kila taasisi nunuzi, na ndani ya taasisi ukagawanywa: idara inayohitaji kitu hueleza mahitaji yake, kitengo cha usimamizi wa ununuzi huandaa zabuni, kamati ya tathmini huzipima, bodi ya zabuni huidhinisha, afisa masuuli husaini na kuwajibika. Aliyeshindwa na asiyeridhika ana mahali pa kukata rufaa, Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Msomaji asione mgawanyo huu kuwa urasimu mtupu. Mwizi mmoja anaweza kumpata mwenzake mmoja, lakini ni vigumu zaidi kuwapata watano katika meza tano tofauti. Na bahasha za zabuni zilifunguliwa mbele ya wazabuni wenyewe, saa ileile iliyotangazwa, bei zikasomwa kwa sauti kila mtu asikie. Aliyechelewa kwa dakika tano alirudi na bahasha yake mkononi. Ukali huo mdogo ndio uliokuwa ukuta.

Ukame wa pili

Ukuta ulikuwa haujakauka saruji, ukame ukarudi. Mwishoni mwa 2005 na mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera yalishuka tena, mgawo wa umeme ukarudi tena, na neno dharura likarudi tena kwenye meza za wakubwa.

Tarehe 23 Juni 2006 TANESCO ilisaini mkataba na Richmond wa kuleta mitambo ya gesi ya megawati 100. Kwa mujibu wa Kamati ya Mwakyembe, kampuni hiyo haikuwa na uzoefu, utaalamu wala fedha za kuifanya kazi hiyo. Kamati ilieleza kwamba wizara iliingilia kazi ambayo sheria iliiweka mikononi mwa TANESCO na bodi yake ya zabuni, na kwamba matakwa ya sheria ya ununuzi yalikiukwa. Mitambo ilichelewa. Kabla mwaka haujaisha mkataba ulihamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na kufikia wakati umeme ulipotoka kwa ukamilifu mvua zilikuwa zimekwisha kurudi. TANESCO ilidaiwa shilingi milioni 152 kila siku kwa ajili ya uwezo wa mitambo hiyo.

Linganisha ukame wa kwanza na wa pili. Mwaka 1995 hatukuwa na sheria ya ununuzi, tukaumia. Mwaka 2006 tulikuwa nayo, tena nzuri, tukaumia vilevile. Katika mara zote mbili umeme wa haraka haukufika haraka. Hapa ndipo kilipo kiini cha safari yetu: sheria ya ununuzi haipimwi siku ya kawaida, siku ambayo hakuna anayemsukuma mtu. Hupimwa siku ya dharura, taa zikiwa zimezimika na mkubwa yuko kwenye simu.

Gharama iliendelea kutufuata. TANESCO ilisitisha mkataba, Dowans ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa wa ICC, na Novemba 2010 TANESCO ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 65. Katikati ya mgogoro huo, mwaka 2009, lilizuka pendekezo la TANESCO kuinunua mitambo hiyohiyo. Wapinzani wa pendekezo wakainua sheria ya ununuzi: serikali hairuhusiwi kununua mitambo iliyokwisha tumika. Pendekezo likaachwa. Hiyo ilikuwa moja ya siku ambazo sheria iliheshimiwa, na inafaa tuikumbuke.

Kuandika upya

Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria mpya, Namba 7, iliyochukua nafasi ya ile ya 2004. Ilikuwa na mafunzo ya miaka mitano ya maumivu ndani yake. Ilieleza kwa undani zaidi ununuzi wa dharura, ni nani anayeuruhusu na kwa masharti gani. Iliruhusu kwa masharti maalumu ununuzi wa vyombo vilivyotumika kama ndege na meli, jambo lililozua mjadala mkali kwa kuwa watu walikuwa bado na kidonda cha Dowans. Iliweka pia muda wa kusubiri: taasisi ikishaamua nani ameshinda, iwatangazie wazabuni wote nia yake na ingoje siku 14 kabla ya kusaini, ili mwenye malalamiko aseme kabla maji hayajamwagika.

Lakini sheria hiyo ilingoja kanuni zake. Kanuni zilitoka Desemba 2013, na hapo ndipo sheria ilipoanza kufanya kazi, miaka miwili tangu ipitishwe. Wakati huo wote maofisa waliendelea kununua kwa sheria ya zamani huku mpya wakiijua kwa kuisoma tu. Taifa lililoandika sheria ya kutibu madhara ya haraka likajikuta linasubiri dawa yake kabatini.

Sasa methali ya pili ikaanza kusikika. Fikiria halmashauri ya wilaya inayotaka kuezeka upya zahanati iliyong'olewa bati na upepo. Nyaraka za zabuni ziandaliwe, bodi ikae, tangazo litoke, siku zipite, bahasha zifunguliwe, tathmini ifanyike, bodi ikae tena, nia itangazwe, siku 14 zingojewe, mkataba upekuliwe, usainiwe. Msimu wa mvua haungoji kikao cha bodi. Mganga anahamishia dawa chini ya turubai, mama mjamzito anaelekezwa hospitali ya mbali. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa matumbo yenyewe yalikuwa ya kina mama.

Juu ya ucheleweshaji kulikuwa na bei. Wabunge na viongozi walilalamika kwamba serikali inanunua karatasi, matairi na kompyuta kwa bei iliyo juu ya ile ya dukani, na kila karatasi ya utaratibu iko sawa, muhuri upo, saini zipo. Rais John Magufuli, aliyeingia Ikulu Novemba 2015, alilisema jambo hilo hadharani bila kumumunya maneno. Alikuwa ameongoza Wizara ya Ujenzi kwa miaka mingi na aliijua bei ya kilomita ya lami.

Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa kwa Sheria Namba 5, na kanuni zikafuata mwishoni mwa mwaka. Muda wa hatua mbalimbali ulifupishwa. Zile siku 14 za kusubiri zikawa siku 7 za kazi. Mkazo uliwekwa kwenye bei ya soko na kwenye kununua moja kwa moja kwa mzalishaji pale inapowezekana. Kampuni za wazawa zikapewa upendeleo zaidi. Na likaja jambo ambalo naliona kuwa la haki kuliko yote katika marekebisho yale: asilimia 30 ya ununuzi wa kila taasisi kwa mwaka itengwe kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mshonaji wa sare za shule na kikundi cha akina mama wanaopika chakula cha semina nao wakawa na mlango kwenye hazina ya nchi yao.

Mwendo wa haraka ulionekana zaidi kwenye utaratibu unaoitwa fosi akaunti. Badala ya mkandarasi, shule au kituo cha afya hujengwa na mafundi wa mahali, vifaa vikinunuliwa na kamati za wanajamii: kamati ya ununuzi, kamati ya mapokezi, kamati ya ujenzi. Utaratibu huu ulikuwemo katika kanuni za 2013, lakini baada ya 2016 ulitapakaa nchi nzima. Mwaka 2021, serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa kwa njia hiyo kabla ya muhula wa Januari 2022. Katika vijiji vingi wazazi waliona kwa mara ya kwanza darasa likiinuka ndani ya wiki chache.

Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zilikuwa zikionya mwaka hadi mwaka: vifaa vilivyonunuliwa bila kushindanisha bei, kazi zisizo na usimamizi wa mhandisi, stoo zisizo na leja. Kamati ya kijiji yenye watu waaminifu huokoa fedha nyingi. Kamati iliyoteuliwa na mtu mmoja kwa ajili ya kusaini anachotaka yeye ni bodi ya zabuni bila sheria ya zabuni.

Daftari moja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka yote hiyo daftari la ununuzi wa Tanzania lilikuwa karatasi zilizosambaa katika makabati ya taasisi mamia. Jaribio la kwanza kubwa la kuliweka pamoja kwa kompyuta lilikuwa mfumo wa TANePS, ulioundwa na kampuni ya nje na kuanza kutumika mwishoni mwa muongo wa 2010. Kisha wataalamu wa hapahapa walijenga mfumo mwingine, NeST, ulioanza mwaka 2023. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo ule wa zamani ukawekwa kando.

Mwezi Septemba 2023 Bunge lilipitisha sheria mpya kabisa ya ununuzi, Namba 10, iliyoanza kutumika Juni 2024, na kanuni zake zikafuata Julai. Mfumo wa kielektroniki sasa ni takwa la sheria. Mzabuni wa Namtumbo anaweza kuona tangazo dakika ileile anapoliona mzabuni wa Kariakoo, akaomba kwa simu yake, bila nauli ya basi na bila kumjua mtu getini. Asilimia 30 ya makundi maalumu ilibaki. Kiwango cha kazi za ujenzi zinazotengwa kwa wakandarasi wa Kitanzania peke yao kilipanda kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. Zanzibar, kwa kuwa ununuzi si jambo la Muungano, ina sheria yake na mamlaka yake.

Kwa mara ya kwanza tumejaribu kuzipatanisha methali mbili zilizogombana kwa miaka sitini. Mashine inakwenda haraka, na wakati huohuo inaandika kila kitu: nani aliingia, saa ngapi, bei gani aliweka, nani aliipitisha. Haraka yenye kumbukumbu si haraka ileile ya gizani.

Lakini mashine haina ujasiri. Haiwezi kumkatalia mkubwa aliye kwenye simu. Ripoti za CAG zimeendelea kutaja taasisi zilizonunua nje ya mfumo baada ya sheria kulazimisha uwe ndani. Ukiniuliza kilichokosekana mwaka 1995 na 2006, sitasema kompyuta. Kilichokosekana ni afisa aliyelindwa vya kutosha aweze kusema: mheshimiwa, nipe siku kumi niite wazabuni. Siku kumi zile zingetuokolea mabilioni na miaka ya kesi. Sheria ijayo, kwa kuwa bila shaka ipo ijayo, itutungie kinga ya mtu huyo kwanza, kisha ndipo ihesabu siku na viwango.

Nasi wananchi tusijitoe. Kama kijijini kwenu kunajengwa darasa au zahanati kwa fosi akaunti, kamati ya mapokezi ni ya kwenu. Lori la saruji likifika, hesabuni mifuko kabla dereva hajaondoka. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, ombeni stakabadhi zisomwe kwa sauti, kama bei za zabuni zilivyosomwa mbele ya wazabuni. Hakuna sheria iliyotungwa Dodoma, ya 2001, ya 2004, ya 2011 wala ya 2023, iliyowahi kuhesabu mfuko hata mmoja wa saruji. Huhesabiwa na mtu aliyesimama pale.